Mwani sugu kwenye pisini: javeli, klorini ya unga, galeti, shaba au kubadilisha maji?

Oktoba ni mwezi mgumu kwa pisini za Lubumbashi. Joto limefika kileleni, jakaranda zinapukutisha maua, vumbi la kiangazi limelala juu ya kila kitu na mvua bado haijashuka. Ndipo pisini nyingi za mitaa ya Golf, Makomeno na Bel-Air zinapogeuka kijani. Mwenye nyumba anamwaga klorini Jumamosi, Jumapili maji yanapauka kidogo, Jumatano kijani kimerudi kama kilivyokuwa. Akienda dukani anaonyeshwa dawa nne au tano, kila moja ikisifiwa kuliko mwenzake.

Dawa hizo zote zina kazi yake. Kosa ni kununua kabla ya kupima maji, kwa sababu usugu wa mwani wa Oktoba kwa kawaida umetengenezwa na galeti, vile vidonge vikubwa vya klorini, za miezi sita iliyopita. Tutafika huko.

Hesabu zote hapa chini ni za pisini ya mita 8 kwa 4, yenye kina cha wastani cha mita 1.5. Hiyo ni mita za ujazo 48, tunaihesabu 50. Yako ikiwa 25, gawanya kila kiasi cha dawa (lita na gramu) kwa mbili.

Mwani gani huo?

Chota maji kwa ndoo nyeupe. Yakiwa na ukungu wa kijani, ni mwani wa kawaida. Yakiwa ya kijani lakini angavu, unaona chini ya ndoo bila shida, shuku madini: shaba au chuma kilichoyeyuka, hasa kama pisini inajazwa kwa foraji, yaani kisima kirefu cha kuchimbwa. Tia vijiko viwili vya javeli, yaani klorini ya maji, ndani ya ndoo hiyo na usubiri. Maji yakigeuka rangi ya chai, una chuma, na klorini nyingi itakuchafulia kuta badala ya kukusaidia.

Halafu shika brashi. Mwani wa kijani unateleza kama ute na unatoka kirahisi. Mwani wa haradali, wa njano-kahawia, hukaa upande wa kivuli. Ukiupiga brashi unatawanyika kama vumbi, na kesho yake umerudi palepale. Ule mweusi ni madoa ya ukubwa wa maharage kwenye saruji au kati ya vigae, na brashi ya nailoni haiung'oi. Huo kwa kweli ni bakteria wa jamii ya sayano, wenye ganda la kujikinga na nyuzi zilizoingia ndani ya vitundu vya saruji. Kila mmoja unadai nguvu tofauti, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Kipimo kinachoamua kila kitu

Kuna namba tatu za kupata: pH, klorini huru, na stabilizanti, yaani asidi ya sianuriki. Watu wengi hupima mbili za kwanza na kuiacha ya tatu. Ya tatu ndiyo inayosema dawa ipi itafaa.

Stabilizanti hukinga klorini dhidi ya jua. Bila yake, jua la mchana hula sehemu kubwa ya klorini ndani ya saa mbili tu. Ikiwa kati ya 30 na 50 mg kwa lita, ni rafiki. Ikizidi hapo, inaishika klorini kiasi kwamba inakuwepo majini lakini haifanyi kazi. Kanuni inayotumika ni hii: ili kuua mwani wa kijani, klorini huru ifike kama asilimia 40 ya stabilizanti na ibaki hapo. Stabilizanti 30 inataka klorini 12. Stabilizanti 50 inataka 20. Stabilizanti 90 inataka 36, na hapo ndipo mifuko ya watu inapotobokea.

Sasa tuangalie galeti. Galeti moja ya gramu 200, ya asilimia 90, inatoa gramu 180 hivi za klorini: katika pisini yetu ni 3.6 mg kwa lita. Pamoja nayo inaacha stabilizanti 2.2. Weka galeti mbili kila wiki toka mwisho wa Aprili mpaka mwisho wa Oktoba, wiki 26, na umeongeza zaidi ya 110. Klorini yote ile imekwisha liwa na jua na majani. Stabilizanti haijaenda popote, isipokuwa kidogo iliyotoka na maji ya kuosha chujio. Maji yakikauka kwa joto, yenyewe inabaki. Na kiangazi chote hakuna tone la mvua la kuizimua. Ndiyo maana pisini iliyokuwa safi Mei kwa galeti mbili inashindwa Oktoba kwa galeti tano.

Angalizo la kupima. Klorini ikizidi 10 hivi, kidonge cha kupimia klorini, cha DPD, kinachotoa rangi ya waridi kinaweza kupauka kabisa, nawe ukadhani hakuna klorini kumbe imejaa. Changanya sehemu moja ya maji ya pisini na nne za maji ya chupa, pima, kisha zidisha jibu kwa tano. pH nayo husomeka uongo klorini ikiwa juu. Irekebishe kabla ya kuanza, uilete 7.2, kisha usiiguse mpaka klorini ishuke.

Klorini tatu, uso kwa uso

| | Javeli (ya maji) | Unga wa hipokloriti ya kalisi, 65% | Galeti, 90% |
|---|---|---|---|
| Kupandisha klorini kwa 10 mg/L | lita 3.3 za 48°, au lita 13 za 12° | gramu 770 | gramu 555 |
| Inachoacha majini | chumvi kidogo | ugumu wa maji, +7 mg/L | stabilizanti, +6 mg/L |
| pH | inapanda, kisha inarudi | inapanda kidogo | inashuka |
| Kasi | mara moja | saa chache | siku kadhaa |
| Kuhifadhi | inaoza kwa joto | inakaa vizuri ikiwa kavu | inakaa vizuri ikiwa kavu |

Kwa kuua mwani sugu, sisi tunachagua javeli. Haiongezi stabilizanti, haiongezi kalisi, na unaweza kuimwaga mara tatu kwa siku bila kuharibu maji ya mwezi ujao. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: nguvu iliyoandikwa kwenye bidoni si lazima iwe nguvu iliyomo. Bidoni iliyosimama juani mbele ya duka kwa wiki kadhaa imekwisha poteza sehemu ya klorini yake, na jicho haliwezi kuona tofauti.

Kwa hiyo ijaribu. Bidoni zenye maandishi ya Kifaransa huonyesha digrii; kila digrii ni gramu 3.17 za klorini kwa lita. Javeli ya 12° ina gramu 38, ya 48° ina gramu 152. Chukua bomba la sindano la famasi, vuta mililita 1 ya javeli ya 12°, itie ndani ya lita 10 za maji safi yasiyo na klorini, koroga, pima. Inapaswa kusoma karibu 3.8. Kwa ile ya 48°, tia mililita 1 kwenye pipa la lita 50; itafute 3. Ukipata nusu yake, utahitaji bidoni mara mbili, na afadhali ujue kabla ya kulipa shehena nzima. Hesabu ya bei ifanye kwa gramu za klorini, kamwe si kwa lita: bidoni ya bei nafuu ya 12° mara nyingi hushindwa na ile ya 48° inayoonekana ghali.

Unga wa kalisi unafaa pale javeli mbichi isipopatikana, au mtu anaponunua mara moja kwa msimu mzima, tuseme yuko Likasi na mzigo unapitia Kasumbalesa. Tatizo lake kwa mji huu ni maji yenyewe. Foraji nyingi za Lubumbashi huvuta kutoka kwenye mwamba wa dolomia, na birika la chai linakuonyesha: ukoko mweupe ndani. Maji hayo tayari yana kalisi ya kutosha. Ukipiga mapigo matano ya unga, yaani dozi kubwa tano za 10 mg/L, unaongeza 35 nyingine, na pH ikipanda unapata ukoko mstari wa maji na mchanga wa chujio unaoshikana kama tofali. Wiki moja ya unga haitaua pisini. Mwaka mzima wa unga kwenye maji ya foraji utaonekana kwenye kuta.

Unga uyeyushe kwanza: ndoo yenye maji lita 10, kisha unga kidogo kidogo juu yake, kamwe maji juu ya unga. Acha tope jeupe litue, kisha mwaga maji ya juu ndani ya pisini. Kwenye pisini ya plastiki, punje zikikaa chini zinaacha madoa meupe yasiyofutika.

Galeti tunazitoa kabisa kwenye kazi hii. Ni za polepole, na kila moja inaongeza ugonjwa unaotaka kuutibu. Zirudishe, kwa kiasi, mvua zikianza na maji kuwa yanafurika.

Na hili lishikwe na kila mtu nyumbani, sentineli (mlinzi) akiwemo: unga wa kalisi na galeti visikutane hata kwenye kopo au kikombe kimoja cha kupimia, kwa sababu vinawaka moto na vinaweza kulipuka. Javeli na asidi visikutane pia. Vinatoa gesi ya klorini, ile inayochoma mapafu. Ukitia asidi ya kushusha pH, ngoja saa kadhaa pompi ikizunguka kabla ya javeli.

Javeli inavyotumika dhidi ya mwani

Toa majani na maua yote kwanza. Kila konzi ya jakaranda inayooza chini inakula klorini uliyoinunulia mwani. Piga brashi kuta, ngazi na nyuma ya ngazi. Jua likizama, pompi ikiwa inafanya kazi, mwaga javeli taratibu mbele ya mdomo unaorudisha maji, ya kufikisha klorini asilimia 40 ya stabilizanti. Pima baada ya saa moja. Mwani ukiwa mwingi utakuta klorini imekwisha shuka nusu, rudishia palepale. Siku ya kwanza rudia mara tatu, siku zinazofuata asubuhi na jioni.

Siku ya pili au ya tatu maji yanaacha ukijani na kuwa ya kijivu, kama maji ya kuoshea mchele. Huo ni mwani uliokufa. Wengi huacha hapa, wakidhani dawa imeshindwa, na mwani uliobaki hai unaanza upya. Endelea. Osha chujio kila mshale wa presha ukipanda bar 0.3 hadi 0.5 juu ya kawaida yake.

Utajua umemaliza kwa kupima usiku. Pima klorini jua likizama, pima tena kabla halijachomoza, bila kuongeza kitu. Ikishuka kwa 1 au chini, hakuna kiumbe kinachoila. Ikishuka kwa 3, maji yanaweza kuwa angavu kama kioo lakini mwani bado upo mahali, pengine nyuma ya taa.

Mwani wa haradali unataka zaidi: baada ya kufaulu jaribio la usiku, pandisha klorini mpaka asilimia 60 ya stabilizanti kwa saa 24. Tumbukiza vyote ndani: brashi, wavu, maboya ya watoto, mpira wa kufyonzea. Mbegu zake zinakaa humo, na ndiyo maana unarudi wiki moja baadaye. Mweusi unataka chuma: brashi ya waya kwenye saruji mpaka ganda lipasuke, kila siku, huku klorini ikiwa juu. Waya usiguse plastiki kamwe.

Shaba

Katika mji wa shaba hakuna anayehitaji kufundishwa salfeti ya shaba ni nini, na wapo wanaoichota kwa kijiko. Inaua mwani kweli. Lakini kipimo chake ni kidogo mno: 0.3 mg kwa lita inatosha, maana yake gramu 60 hivi za fuwele kwa pisini yetu yote. Mkono mzito ukitia nusu kilo umeshazidisha mara nane, na shaba haitoki. Kama stabilizanti, inaondoka kwa kubadilisha maji tu.

pH ikipanda, inaganda ukutani: madoa ya samawati, baadaye ya kijivu hadi meusi, ambayo kwenye saruji nyeupe yanadai asidi na msasa. Nywele nyeupe za wazee na za kimanjano hugeuka kijani. Salfeti ya viwandani nayo inaweza kuja na madini mengine usiyoyajua. Maji yenye shaba yakimwagwa mtaroni yanaishia mtoni, na samaki hawaivumilii hata kwa kiasi kidogo.

Tunaiona kuwa ya mwisho, kwa mwani mweusi uliogoma baada ya wiki za brashi na klorini, na kwa aliye na kipimo cha shaba mkononi. Vinginevyo iache.

Chupa ya dawa ya mwani

Zipo aina mbili zisizo na shaba. Ya bei ya chini, ya amonia ya kwaternari ya kawaida, inatoa povu kama sabuni. Ile iliyoandikwa *polyquat* 60% haitoi povu na ni bora. Zote mbili ni kinga. Ukizimwaga kwenye maji ambayo tayari ni supu, unalipia kitu ambacho klorini kali itakivunja ndani ya siku chache. Mahali pake ni safari: unaondoka wiki mbili kwenda kijijini, maji ni safi, tia kipimo cha kwenye chupa kabla ya kufunga geti.

Shabu, au kusubiri chujio?

Mwani ukishakufa lazima utoke, na hapa umeme unaamua kuliko dawa. Pompi ikizunguka saa 24, chujio la mchanga linasafisha tope la kijivu kwa siku tano hadi kumi. Mtaa wenye delestaji, yaani mgao wa umeme, ya saa nane kwa siku, ongeza.

Njia ya pili ni salfeti ya alumini, ndugu yake shabu. Kilo 1 hadi 2, iliyoyeyushwa kwenye ndoo, inatawanywa juu ya maji. Zungusha kwa saa moja vana (valvu ya chujio) ikiwa kwenye *circulation*, ili maji yasipite mchangani, kisha zima. Inapenda maji tulivu, kwa hiyo usiku usio na umeme unaisaidia. Asubuhi utaona zulia la kijivu sakafuni na maji safi juu yake. Sasa geuza vana kwenye *égout*, njia ya kutupa maji nje, iliyoandikwa hivyo kwenye mkono wake, na ufyonze polepole mno, bila kukanyaga wala kuburuta. Ukifyonza vana ikiwa kwenye *filtration*, zulia lote linaingia mchangani na kuuziba. Gharama yake ni maji: kati ya mita za ujazo 3 na 5 zinatoka. Chujio lako likiwa halina njia ya *égout*, usianze.

Shabu ikitumika kabla mwani haujafa, kesho yake zulia linaanza kuota tena. Klorini kwanza, shabu baadaye. Na umeme uliorudi na volti ya chini unaunguza mota ya pompi. Kinga ya volti ni nafuu kuliko kuivingirisha upya.

Kubadilisha maji

Stabilizanti ikizidi 80, hii ndiyo dawa ya kwanza, kabla ya kununua bidoni hata moja. Angalia tofauti: kwa 90, pigo moja la kufikia 36 linakula lita 12 za javeli ya 48°, na utalirudia siku baada ya siku. Toa nusu ya maji, stabilizanti inabaki 45, klorini inayotakiwa ni 18, na pigo ni lita 6. Mita za ujazo 25 za maji ya foraji zinajilipa ndani ya siku chache.

Usiikaushe kabisa. Plastiki iliyokauka inasinyaa na kupasuka mikunjo, na ardhi ikiwa na maji mengi, kama Januari na Februari, pisini tupu inaweza kuinuliwa au kupasuliwa kutoka chini. Mwisho wa kiangazi, maji ya ardhini yakiwa yameshuka, ndio wakati salama zaidi. Bado toa nusu, jaza, kisha pima tena. Maji yenye klorini ya juu yasimwagwe bustanini. Yaache juani bila kuongeza kitu mpaka kipimo kisome chini ya 1.

Kusubiri bila kufanya lolote nako ni uamuzi, na ni mbaya kuliko yote: maji yaliyosimama ni kitalu cha mbu. Na mtu asiingie majini, hata mara moja, mpaka sakafu ya upande wa kina ionekane wazi na klorini ishuke chini ya kiwango cha mapigo. Mtoto aliyezama kwenye maji ya kijani haonekani akiwa mita moja kutoka ukingoni.

Baada ya hapo shikilia klorini isiyopungua asilimia 7.5 ya stabilizanti kila siku: kwa 40, hiyo ni 3, na kwa usalama lenga 4 au 5. Siku ya jua kali javeli ya 48° lita 1 jioni hutosha kurudisha kilicholiwa. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba ikifurisha pisini, pima stabilizanti upya asubuhi yake, kwa sababu itakuwa imeshuka na kipimo cha jana hakifai tena.